Namba Haivuki Mpaka

Basi likishaipita Longido na kuanza kuukaribia mpaka wa Namanga, simu za abiria huanza kulia moja baada ya nyingine. Hakuna anayepigiwa. Ni mitandao inayopokezana wateja. Mnara wa upande wa Kenya unasikika vizuri, ule wa Tanzania uliobaki nyuma unafifia, na simu, kwa kuwa haijui mpaka umechorwa wapi, ikiupoteza wa nyumbani hushika wa jirani. Ujumbe unaingia: karibu Kenya, dakika moja ni kiasi hiki, megabaiti moja ni kiasi hiki. Nyinyi bado mko Tanzania na pasi hazijagongwa mhuri. Lakini simu imeshavuka, na kama laini imefunguliwa romingi na data imeachwa wazi, kila picha inayojipakua kutoka kundi la ukoo inatozwa bei ya ugenini.

Kondakta wetu, kijana wa Moshi aliyeizoea njia hii, alisimama katikati ya viti akapaza sauti: "Jamani, ambaye hajazima data azime sasa. Nisije nikasikia mtu analia Athi River salio limeisha." Kisha akapita kiti kwa kiti akiwasaidia wazee. Alikuwa anaingia kwenye mipangilio ya simu, anaondoa ile alama inayoiruhusu simu kujichagulia mtandao, anauchagua mwenyewe mtandao wa nyumbani. Ni jambo dogo, na sijaona kampuni yoyote ikilitangaza, ila yeyote anayekaa Namanga, Sirari, Horohoro au Holili analijua. Kila nchi ina namba yake ya utambulisho hewani: Tanzania ni 640, Kenya 639, Uganda 641, Rwanda 635, Burundi 642, Kongo 630. Laini hubeba ile ya kwao, na isipoisikia hutafuta mwenyeji yeyote aliyeandikiana mkataba na kampuni yake. Ukiichagulia kwa mkono, haiendi kwa mwenyeji mpaka utakapoiruhusu.

Nilikuwa natoka Dar es Salaam kwenda Kigali kwa barabara, kupitia Nairobi na Kampala, na safari hii niliamua kuitazama njia nzima kupitia laini ya simu. Nilikuwa na sababu. Jamaa zetu walioko Muscat na Toronto, na wageni wanaowasindikiza nyumbani, wananiuliza kila msimu wa likizo: tununue eSIM gani kabla ya kupanda ndege? Mtandaoni kuna maduka tele yanayouza eSIM za watalii, za nchi moja au za Afrika nzima, unalipa kwa kadi ya benki ukiwa kwenye kochi na ukitua simu inawaka. Nilitaka kujua zinamfaa nani katika nchi zetu hizi, na zinamwacha wapi.

Kwa wasioifahamu: eSIM ni chipu iliyotengenezewa ndani ya simu yenyewe, haitoki. Badala ya kuchomeka kadi, unapakua laini kwa kupiga picha msimbo wa QR. Piga *#06# na kama simu yako inayo, utaona chini ya IMEI namba ndefu ya tarakimu 32 iitwayo EID. Ndiyo anwani ya hiyo chipu. Simu moja inaweza kuhifadhi laini kadhaa za namna hii, ingawa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja kwa kawaida ni mbili. Jambo lenyewe lilianza kwenye saa za mkononi mwaka 2016, likaingia kwenye iPhone mwaka 2018, na mwaka 2022 iPhone 14 zilizouzwa Marekani zilitoka hazina kabisa tundu la kadi. Maana yake ni hii: Mmarekani anayetua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) na simu kama hiyo hawezi kutumia kadi anayouziwa pale nje, hata akiitaka.

Kabla sijaondoka nilipita Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kwenye maduka ya simu. Muuzaji mmoja alinipangia mezani Tecno, Infinix na itel. "Dada yangu, zinazotoka ni hizi za laini mbili," akasema. "Hiyo eSIM yako ni ya iPhone na Samsung kubwa. Mteja wangu anataka matundu." Alikuwa anasema kweli, na kuna historia ndani yake. Watu wa huku tulikuwa na laini mbili na tatu zamani sana, kwa sababu kupiga ndani ya mtandao mmoja kulikuwa rahisi na kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali. Mtu alikuwa na laini ya mke, laini ya biashara na laini ya bando. Kubadilisha laini kufuatana na bei si elimu tuliyoletewa na watalii.

Kituo cha pamoja cha Namanga kilifunguliwa rasmi Desemba 2018, na kimepunguza usumbufu kweli: unagongewa kutoka na kuingia ndani ya jengo moja. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kutembeleana kwa vitambulisho vya taifa tangu Januari 2014. Sisi Watanzania bado tunatoa pasi au hati ya muda. Nje ya jengo, miavuli ya mawakala imepangana na wabadilisha fedha wanakufuata na mabunda mkononi. Mama mmoja anayeuza chai na chapati alikuwa amebandika ukutani namba mbili za kulipia, moja ya Tanzania na moja ya Kenya. Nilimuuliza kama ana simu mbili. "Moja tu, mwanangu. Laini zote mbili zinashika hapa hapa." Minara inaingiliana, na yeye amejijengea kibanda pale inapoingiliana. Katika safari nzima sikukutana na mtu mwingine aliyekuwa na namba za nchi mbili bila kutozwa ugeni na yeyote.

Nairobi ndiko nilikopata jibu la nusu ya swali langu. Ile eSIM ya watalii niliyokuwa nimeinunua mtandaoni ilifanya kazi tangu mjini Kajiado. Ramani ilifunguka, WhatsApp ikaingia, nikampigia mwenyeji wangu kwa intaneti. Kwa mambo hayo sina malalamiko. Jioni nikashuka River Road nikiwa na njaa, nikaagiza ugali na matumbo, na nilipomaliza kijana akaniambia, "Tuma tu kwa hii till." Namba ya M-Pesa ilikuwa imeandikwa kwa rangi ukutani. Nilikuwa na data ya kutosha kutazama filamu nzima, lakini sikuwa na namba ya simu ya Kenya, na bila namba huna pochi. Nilikuwa na noti, nikalipa. Akaenda maduka mawili kutafuta chenji.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, na matangazo ya eSIM za watalii hayapagusi. Nyingi kati ya hizo ni za data tu. Hazina namba ya kupigiwa, hazipokei ujumbe wa kuthibitisha, wala hazifungui M-Pesa. Kwa mtu anayezunguka Ulaya na kadi ya benki, hilo si pengo. Huku kwetu laini ndiyo benki. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaja Tanzania mwaka uliofuata, na leo nauli, mboga, umeme, ada ya shule na mchango wa msiba vyote vinapita kwenye namba ya simu. Mgeni mwenye intaneti bila namba anauona mji wote kwenye skrini na hawezi kununua nyanya.

Kesho yake niliingia duka la Safaricom katikati ya jiji. Binti wa kaunta akaitazama pasi yangu. "Madam, unataka line ya kawaida ama eSIM?" Nikamwambia eSIM. Alinipiga picha, akajaza taarifa zangu, akanipa karatasi yenye msimbo. Laini ikaingia kwenye simu pale pale, ikiwa na namba ya Kenya, na M-Pesa ikafunguliwa kwa pasi hiyo hiyo. Nikatoka, nikampa wakala wa kwanza shilingi zangu, akaziweka. Kuanzia hapo nilipanda matatu, nikanunua maembe, nikalipia chumba, bila kumsumbua mtu kwa chenji. Laini yangu ya Tanzania, ambayo ni kadi ya kawaida, ilibaki kwenye tundu lake ikipokea ujumbe wa benki. Kwa kawaida ujumbe mfupi unaoingia ukiwa ugenini haukatwi fedha. Huo ndio mpangilio ninaoupenda, na kama una simu inayoukubali sioni wa kuushinda: laini ya nyumbani inakaa ilipo, laini ya mwenyeji inaingia kama eSIM, na zote mbili zinapumua.

Kwa hiyo mtu wa Toronto ninamwambia hivi sasa. Ile eSIM ya mtandaoni nunua ndogo kabisa, ya kukutoa uwanja wa ndege na kukufikisha mjini. Ipakue ukiwa kwako, kwenye WiFi, kwa sababu kupakua laini kunahitaji intaneti, na ukisubiri hadi ufike utakuwa unatafuta intaneti ili upate intaneti. Usiifute baada ya kuiweka, maana misimbo mingi hufanya kazi mara moja tu. Ukishapumzika, chukua pasi uende duka la kampuni yenyewe, si kibanda, ukasajiliwe upewe laini yenye namba. Tanzania utachukuliwa alama za vidole. Ni sheria, na wenyeji wote tulipitia hapo wakati wa usajili wa mwaka 2019, uliofungwa Januari 2020, tukiwa na vitambulisho vya taifa vya NIDA mkononi. Ukimaliza piga *106# uone laini zilizoandikishwa kwa jina lako. Usikubali laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu usiyemjua, hata akiwa mkarimu kiasi gani. Fedha zako zitakuwa zimekaa kwenye mfuko wa mwingine.

Basi la Kampala kupitia Kisumu liliondoka Nairobi usiku. Kiti cha pembeni yangu alikaa mzee mfanyabiashara wa Mwanza aliyekuwa anarudi nyumbani kupitia Sirari. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, na baada ya Naivasha mazungumzo yakafika kwenye simu kama yanavyofika siku hizi. "Nyinyi mnadhani haya ni mageni," akaniambia. "Mimi nilikuwa na laini ya Celtel. Nanunua vocha Kisumu, nakwangua, naiweka kwenye laini ya Mwanza. Napigiwa nikiwa Busia silipi hata senti. Leo mjukuu wangu ananifundisha kuzima data."

Mzee alikuwa na kumbukumbu sahihi, na ni kumbukumbu inayostahili kuandikwa. Celtel ilianzishwa na Mo Ibrahim, mhandisi mzaliwa wa Sudan, mwaka 1998. Septemba 2006 kampuni hiyo iliziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania katika huduma iliyoitwa One Network: mteja akivuka mpaka alitozwa bei ya mwenyeji, alipokea simu bure, na aliongeza salio kwa vocha ya nchi aliyomo. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo duniani kabla yao. Wapinzani wao, Safaricom, Vodacom Tanzania na MTN Uganda, walijibu kwa kuungana na huduma waliyoiita Kama Kawaida. Kwa muda mfupi, mtu wa Mwanza alikuwa na simu isiyo na mpaka katika nchi tatu, wakati Umoja wa Ulaya ulikuja kufuta gharama za ziada za romingi kwa wananchi wake Juni 2017. Tulitangulia kwa miaka zaidi ya kumi! Baadaye Celtel ikawa Zain, na mwaka 2010 mitandao yake ya Afrika ikanunuliwa na Bharti Airtel kwa dola bilioni 10.7. Majina yalibadilika, hesabu zikabadilika, na ile fahari ikafifia.

Hata kabla ya simu za mkononi tulikuwa na kitu cha namna hii. Kwa miaka mingi aliyetaka kupiga Dar es Salaam kutoka Nairobi hakupitia njia ya kimataifa; alianza na 007. Uganda ilikuwa 006, na Kenya kutoka kwetu ilikuwa 005. Ni urithi wa shirika moja la posta na simu la Afrika Mashariki, lililovunjika pamoja na Jumuiya ya zamani mwaka 1977. Mzee alizitaja namba zote tatu bila kufikiri.

Kisha ikaja hatua ya serikali. Mwaka 2014 Kenya, Rwanda na Uganda zilikubaliana kuwa eneo moja la mtandao: simu ya kupokea ukiwa nchi mwenzako ni bure, na ya kupiga isizidi senti 10 za dola kwa dakika. Kenya na Rwanda zilianza mwishoni mwa mwaka huo, Uganda ikafuata. Tanzania na Burundi hazikuingia wakati ule. Zilikuwepo sababu za kodi na mapato, na sizidharau. Simu ya kutoka nje ni chanzo cha fedha kwa serikali na kwa kampuni. Lakini aliyeilipa bei ya kutoingia ni mfanyabiashara wa mipakani na dereva wa lori, wala si yule anayepanda ndege. Mimi nasema wazi kwamba tungepaswa kuwa ndani tangu siku ya kwanza. Nchi iliyo na bandari inayohudumia Kampala, Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ina watu wengi barabarani.

Busia tulivuka alfajiri, kituo cha pamoja tena, haraka. Tulipita daraja jipya la Nile pale Jinja, na Namawojjolo wachuuzi wakalizingira basi na kuku wa kuchoma na ndizi za gonja. Pale dirishani hakuna muda wa kutuma fedha kwa simu. Ni noti, na basi linaondoka huku unahesabu.

Kampala ilinionyesha kitu kuhusu eSIM ya watalii ambacho sikukitegemea. Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu wa mwaka ule, na wenyeji huingia kwa kutumia VPN. Kwenye laini ya MTN niliyoinunua pale, kweli haikufunguka. Kwenye ile eSIM ya mtandaoni ilifunguka kana kwamba hakuna katazo. Si miujiza. Laini ikiwa kwenye romingi, data yake hairushwi intaneti na mnara wa mwenyeji. Hubebwa kwanza hadi kwa kampuni iliyoitoa laini, ambayo kwa eSIM nyingi za watalii iko Poland, Hong Kong au Singapore, na huko ndiko inakoingia intaneti. Ndiyo maana ukifungua tovuti ya habari inakukaribisha kwa lugha usiyoijua, programu ya benki inashtuka ikidhani umeibiwa simu, na sauti kwenye simu ya video inachelewa, kwa sababu neno lako linazunguka dunia kabla ya kumfikia mtu aliyeko Entebbe. Mgeni anapita juu ya katazo la nchi bila hata kujua lipo. Mwenyeji analipa: kwanza ilikuwa shilingi 200 kwa siku za kodi ya mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, kisha, kuanzia Julai 2021, asilimia 12 ya ushuru juu ya data yenyewe. Nilikaa na simu hiyo mkononi, laini mbili ndani yake, moja ikiona na nyingine haioni, na sikufurahi kuwa upande unaoona kwa sababu tu nilikuwa nimelipa kwa dola.

Kikuubo, ule uchochoro wa jumla uliojaa watu hadi huwezi kusimama, nilitambulishwa kwa mama mmoja wa Kiganda anayefuata nguo na vyombo Kariakoo mara kwa mara. Kiswahili chake ni cha sokoni, kifupi na kilichonyooka. Alifungua mkoba akaniwekea mezani simu tatu. Moja ya Uganda, moja ya Tanzania, moja ndogo ya betri inayokaa wiki. Ile ya Tanzania aliisajili kwa pasi yake Dar es Salaam. Akifika Kariakoo anamlipa msambazaji kwa namba hiyo. Akirudi Kampala, WhatsApp iliyofungwa kwenye namba hiyo inabaki ikipokea picha za mzigo mpya. Kila baada ya muda anaiwasha, anaweka vocha kidogo, anatuma ujumbe mmoja, ili isifungwe. Anajua kwamba laini isiyotumika kwa miezi hufungwa na namba kupewa mtu mwingine, na pale kwenye namba kuna fedha na kuna wateja.

Nikamwonyesha eSIM. Aliiangalia kwa makini, akauliza maswali mazuri kuliko niliyoyauliza mimi Aggrey. "Simu ikianguka ikafa hapo mpakani Mutukula, hiyo laini naitoaje?" Nikamwambia haitoki, ni lazima upate simu nyingine inayoikubali, upate na intaneti, uombe kampuni ikuhamishie. "Na mimi nikitoa hii," akasema akiishika kadi, "naazima simu ya dereva, naweka, nampigia mtu wangu, natoa. Hapana, dada. Laini yangu nataka niishike."

Sina jibu la kumshinda. Waliobuni eSIM waliona usalama wake: mwizi akikupora simu hawezi kuchomoa laini akaitupa, na simu inaweza kuendelea kutafutwa. Ni kweli na ni jema. Lakini msafiri wa mabasi ya usiku anaishi na hatari nyingine, ya betri iliyokufa, kioo kilichovunjika, simu iliyolowa mvua, na dawa yake ni kuazima simu ya jirani. Mpaka kampuni zetu zitakapomwezesha mtu kuhamisha laini yake kwenye simu ya kuazima pale Mutukula saa nane usiku, kwa namba ya siri tu, kadi ile ndogo ya plastiki itabaki kuwa na akili kuliko chipu.

Kigali sikukaa sana. Mji una mtandao mzuri, madereva wa pikipiki wanapokea MoMo, fedha ya simu ya MTN, na laini yangu ya Uganda ilipokea simu pale kituo cha mabasi cha Nyabugogo bila kukatwa kitu, matunda ya yale makubaliano ya 2014. Nilifikiri tena jinsi ambavyo ya Tanzania, iliyokuwa kwenye simu hiyo hiyo, ilinyamaza kwa sababu sikuthubutu kuipokelea. Kilichonisumbua zaidi ni mabaki. Nilikuwa na shilingi za Kenya kwenye M-Pesa, za Uganda kwenye MoMo, kila moja haitoshi kitu na haihamii kwa mwenzake bila makato. Safaricom na Vodacom Tanzania ziliunganisha M-Pesa zao mwaka 2015 na fedha inaweza kuvuka, ila kwa kiasi kidogo ada inaimega njiani. Mfanyabiashara anayepita mipaka hii kila mwezi anaacha vijisenti kila nchi, mwaka hadi mwaka, na hakuna anayevijumlisha.

Nilirudi nyumbani kwa njia ya Rusumo. Upande wa Tanzania, kabla ya daraja la Kagera, malori yalikuwa yamepanga foleni yakielekea Rwanda na mengine Kongo. Kwenye kibanda cha wakala nilimkuta dereva wa Morogoro mwenye mzigo wa Goma akitoa fedha zake zote. Tajiri wake humtumia hela ya njia kwenye laini ya Tanzania, na Rusumo ndipo anapoitoa, maana ng'ambo haitoki. Ana laini ya Rwanda aliyoinunua kwa pasi na ya Kongo pia, zote zimefungwa kwenye kipande cha nailoni ndani ya leseni. Simu yake ni kiswaswadu, haina WhatsApp wala tundu la pili. Alizihesabu noti, akazigawa mifuko mitatu, kisha akampigia mkewe. Alimwambia ada ya mtoto ameshaituma, kwamba laini hii anaitoa sasa hivi na hatapatikana mpaka arudi, na kama kuna shida ampigie tajiri. Mkewe akauliza jambo. "Hapana," akamjibu, "ya Kongo usiipige, itakumaliza. Nitakupigia mimi."

Akachomoa kadi, akaingiza ya Rwanda, akapanda gari.